Daftari la Bi Taipu

Hii ni wiki ya tatu tangu tumzike katibu muhtasi wa shule yetu, na bado kila ninapoingia ofisini asubuhi mdomo huanza wenyewe kutoa shikamoo kabla macho hayajaona kwamba kiti kiko wazi. Jina lake sitaliandika hapa, kwa sababu familia yake imependa libaki nyumbani, lakini yeyote aliyesoma au kufundisha katika shule yetu hii ya kutwa hapa Tanga atamtambua kwa jina tulilomwita sote, Bi Taipu. Lilitokana na taipureta aliyoikuta mezani siku alipoajiriwa, na likamganda hata baada ya kompyuta kuingia na taipureta yenyewe kupelekwa stoo.

Nilipopangiwa shule hii nikiwa mwalimu mpya, mwaka 2009, mitihani yetu ya ndani ilikuwa bado ikikatwa kwenye stensili na kuzungushwa kwenye mashine ya kurudufia, na katika wiki hizo vidole vya Bi Taipu vilikuwa vyeusi kwa wino hadi kwenye kucha. Stensili zilizokwisha kutumika alizichoma mwenyewe nyuma ya jiko la shule, akisimama na kijiti mkononi mpaka zote zigeuke majivu, kwa kuwa aliwahi kumkuta mwanafunzi akisoma swali kwenye karatasi iliyoungua pembeni tu. Mwanawe alipokuwa kidato cha pili, hakuigusa mitihani ya kidato hicho mwaka mzima. Alimwandikia mkuu wa shule barua akiomba kazi hiyo apewe mtu mwingine, na hakuna aliyekuwa amemtaka afanye hivyo.

Hata hivyo, nikimkumbuka, kinachonijia kwanza ni daftari la uandikishaji. Ni lile daftari kubwa lenye jalada gumu, ambamo kila mwanafunzi ana mstari wake mmoja: namba, jina, tarehe ya kuzaliwa, shule aliyotoka, mzazi au mlezi, tarehe ya kuondoka na sababu ya kuondoka. Mwishoni mwa 2019, wakati watu walipokuwa wakihangaikia namba za NIDA, yaani za kitambulisho cha taifa, ili laini zao za simu zisifungwe, watu wazima wenye mvi walijaa kwenye benchi letu la nje, wakitafuta uthibitisho kwamba waliwahi kusoma hapa. Bi Taipu hakuwauliza mwaka, kwa sababu wengi walikuwa wameusahau. Aliwauliza mwalimu wao wa darasa alikuwa nani, kisha akafungua daftari karibu kabisa na ukurasa wenyewe.

Katika daftari hilo, baadhi ya mistari ilikuwa na maandishi ya penseli kwenye safu mbili za mwisho. Nilipoiona mara ya kwanza nilidhani ni kazi aliyoiacha nusu. Nilipochunguza nikagundua kwamba yote ilikuwa ya wasichana walioondolewa shuleni kwa sababu ya ujauzito, na hapo nikamwambia, kwa ujuaji wa mwalimu kijana, kwamba nyaraka za serikali hazijazwi kwa penseli. Alinitazama kwa upole akasema, "Najua, mwalimu wangu. Wino nitautia atakapomaliza."

Inafaa msomaji akumbuke kwamba miaka ile hapakuwa na kumaliza. Msichana akishapata mimba aliondoka, na shule ya serikali haikumpokea tena. Wapo walioondoka wakiwa wa kwanza darasani. Sisi walimu tulisikitika kwenye chumba cha walimu, tukanywa chai, tukaingia vipindini. Yeye alibaki na penseli yake, na mkaguzi mmoja alipomkemea kwa ajili hiyo alipokea kemeo akanyamaza, lakini mistari hakuigusa. Nasema wazi kwamba kwa kanuni za ofisi mkaguzi alikuwa na haki, na kwamba katika jambo hili nasimama na Bi Taipu.

Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wanafunzi walioacha masomo kwa sababu mbalimbali, ujauzito ukiwemo, wanaweza kurudi shuleni, na waraka ukaweka muda wa miaka miwili tangu kuacha. Waraka ulipotufikia, Bi Taipu aliusoma mara mbili akiwa amesimama, kisha akalifungua daftari na kuanza kupiga simu kwa salio lake mwenyewe. Nilikuwa pale nikisahihisha madaftari, na maneno yake nayakumbuka hadi leo: "Shikamoo mama. Napiga kutoka shuleni. Namuulizia binti yetu, na mtoto hajambo?" Alisema binti yetu kwa kila nyumba, hata kwa baba mmoja aliyekuwa akifoka kwa sauti iliyonifikia mimi upande wa pili wa meza.

Hawakurudi wote. Wengine miaka miwili ilikuwa imewapita, na hao aliwaelekeza Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Wengine walikuwa wameolewa mbali, na namba nyingine hazikupatikana. Wa kwanza kurudi alifika na mama yake, akiwa na sare iliyokuwa imembana mabegani, akasimama mlangoni bila kuingia. Bi Taipu alimketisha kwenye kiti chake mwenyewe, akamwekea daftari mbele, akampa kifutio afute mwenyewe.

Alifariki baada ya kuugua kwa siku chache tu. Angeweza kustaafu kwa hiari alipotimiza miaka 55, na tulimshauri apumzike, lakini alisema bado ana kazi ya kumalizia. Siku ya maziko, wanaume walipokwenda makaburini, sisi wanawake tulibaki nyumbani kwake tukimenya vitunguu, na dada mmoja mwenye mtoto wa kama miaka minne aliosha masufuria yote bila kukubali kupokewa. Sare ya mabegani haikuwapo tena, lakini uso niliukumbuka.

Mkuu wa shule ameniomba nilishike daftari mpaka aletwe katibu mwingine. Mistari miwili bado ina penseli, na wa kwanza kati ya wasichana hao miaka miwili yake inatimia Machi. Simu ya mama yake haipatikani, lakini pembeni Bi Taipu ameandika kwa herufi ndogo: shangazi yake anauza samaki Deep Sea, aulizwe asubuhi. Jumamosi nitakwenda.