Uzi wa shaba kwenye bapa

Jumapili jioni. Upepo wa Julai umenijaza vumbi mpaka masikioni, lakini kisu kimekwisha. Karibu kimekwisha.

Wiki ya tatu hii namsumbua mjomba bandani kwake, Majengo. Anafua visu vya springi kuukuu za malori, wateja wake ni wachinjaji na mama lishe, na urembo si kazi yake. "Kisu ni makali, mjomba," ananiambia (naye huniita hivyohivyo). "Maua ya nini, mbuzi atayaona?" Mimi nilitaka uzi wa shaba upite kwenye bapa karibu na mpini, zigizaga kama ile iliyochomwa kwenye kibuyu cha maziwa cha bibi. Pwani kazi hii wanaiita njumu. Hapa bandani inaitwa "hayo mambo yako".

Mara ya kwanza nilichukua kisu kilichokwisha kupashwa moto na kuchovywa kwenye oili kikakakamaa, nikaweka tindo, nikapiga. Ncha ya tindo ikameguka, ikanipita sikioni. Bapa hata mkwaruzo. Mjomba hakunisema. Alikirudisha kisu motoni mpaka kikaiva chekundu, akakifukia kwenye majivu, "Njoo kesho." Kikipoa taratibu usiku kucha, chuma kinalegea.

Mara ya pili nilichimba mfereji, nikabandika uzi kwa gundi. Siku mbili tu, ukachomoka. Ndipo mjomba akaninyanyulia kibuyu chake cha maji: mdomo mwembamba, tumbo pana. Basi nikawa nalaza tindo, mara huku mara huku, mpaka chini ya mfereji kukawa kupana kuliko juu. Uzi ukigongwa unatanuka humo ndani, hautoki tena. Gundi nimempa fundi viatu.

Uzi wenyewe niliuchuna kwenye waya wa umeme. Shaba ukiipasha mpaka iwe nyekundu, ukaitosa majini, inalainika hata kuifunga fundo unaweza. Springi ukiifanyia hayohayo inakakamaa, pengine ipasuke. Moto uleule, maji yaleyale! Nimelifikiria hilo njia nzima ya kurudi nyumbani.

Leo kisu kilirudi motoni kikiwa na uzi wake, kipate kukakamaa tena. Roho juu, ingawa najua shaba huyeyuka kwenye nyuzi joto 1085 na chuma hiki kinataka kama 800. Mjomba kipimajoto hana. Ana sumaku ya spika ya redio mbovu. Isiponata kwenye chuma, muda umefika. Kikazama kwenye oili, moshi ukajaa banda. Kisha tukakipasha tena, kidogo tu, kisije kukatika kama kioo.

Nilikipiga msasa mpaka vidole vikafa ganzi. Uzi ukatokea, mwekundu, kona ya tatu imepinda kidogo.

Mjomba akaupitishia kidole gumba, akaguna. Akaketi, akakinoa palepale kwenye jiwe lake, na alipomaliza kulikuwa na mkwaruzo mrefu umekata zigizaga yangu katikati.

"Sasa ndiyo kisu," akasema.