Nazi kumi na moja mpaka leseni ya D

Miaka saba naendesha bodaboda hapa Mtwara, leseni ya daraja A, ya pikipiki, mfukoni, nikajiona barabara nimeshaimaliza. Msimu mmoja korosho zikalipa vizuri, nikasema naongeza D niendeshe pikapu. Wenzangu wa kijiweni Magomeni wakanishauri: "Kaka, gari ni pikipiki yenye paa. Afande anaangalia kama unaogopa, basi." Ushauri huo ndio ulioniangusha.

Lena, leseni ya kujifunzia, niliipata, L nyekundu nikabandika mbele na nyuma, alama za barabarani nikazijibu zote. Siku ya barabarani afande akanisimamisha katikati ya mwinuko. "Haya, ondoka." Nikaachia breki, gari ikaanza kurudi nyuma. Mkono wa kushoto, kwa mazoea, ukabana kichwa cha gia ukidhani ni klachi ya pikipiki! Mguu wenye klachi halisi ukashtuka ukaachia. Gari ikaruka kama chura, ikazimika. Nyuma yetu bajaji inapiga honi, abiria wake amechungulia anacheka, na ni mteja wangu wa kila Ijumaa. Afande akaandika taratibu. "Rudi ukajifunze kilima, kijana."

Nikaenda Mikindani kwa mzee mmoja aliyezeeka kwenye malori ya Masasi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umeleta nazi?"

Nikadhani anataka zawadi. Kumbe akanipeleka na gari kwenye mwinuko wa kwenda lile Boma la Wajerumani la 1895, akaweka nazi iliyofuliwa nyuma ya tairi, kama kiganja kimoja hivi. "Ondoka bila kuigusa. Ukiivunja, ni yako, nunua nyingine."

Nilivunja kumi na moja. Nazi ni elfu moja hivi, ukimjua muuzaji hupungua. Nyumbani tulikula wali wa nazi, samaki wa nazi, kisamvu cha nazi, mpaka mke wangu akauliza kama nasomea udereva au upishi.

Babu alikuwa anarudia jambo moja: usiangalie miguu, sikiliza injini. Handibreki juu, gia namba moja, mafuta kidogo, klachi unaiachia polepole mpaka sauti inakuwa nzito na boneti inainuka kidogo kama mtu anayetaka kusimama. Hapo ndipo unashusha handibreki. Nazi ya kumi na mbili ilibaki nzima. Nimeiweka kabatini, haikunwi.

Mara ya pili, mwinuko uleule, nikaiona nazi nyuma ya tairi ingawa haikuwepo. Gari ikapanda kama imevutwa kwa kamba. Ada ya leseni ya miaka mitano ni elfu sabini. Nauli na soda sikuzihesabu.

Sasa vijana wananiambia nichukue Coaster. Nawaambia D haibebi abiria wa kulipa, na C ya mabasi makubwa huipati kabla ya kukaa miaka kwenye madaraja ya chini. Wanasema naogopa. Juzi mmoja wao, aliyesema gari ni pikipiki yenye paa, kaja kuniuliza babu wa Mikindani anaishi wapi. Nikamwambia aanzie sokoni.