Hesabu za kikoba chetu ndani ya Octave

Mimi ni mweka hazina wa kikoba, na hesabu za hisa, mikopo na magawio nazifanya kwa GNU Octave. Ni lugha ya kukokotoa inayopatikana bure, John W. Eaton alianza kuiandika mwaka 1992, na amri zake zinafanana sana na za MATLAB, programu ya hesabu inayouzwa. Naandika 7 * 6, nabonyeza Enter, napata ans = 42. Jibu hilo linabaki kwenye kumbukumbu, kwa hiyo mstari unaofuata naandika ans / 4 na kazi inaendelea.

Kabla ya yote nilijizoeza kuandika maelfu bila koma. Kwenye daftari tunaandika 12,500, lakini kwa Octave koma hutenganisha amri: itajibu 12, halafu 500, bila kulalamika hata kidogo. Kwa fedha za watu, hilo ni jambo zito.

MAGAZIJUTO ya shule ya msingi inafaa, ila kwa tahadhari. Kujumlisha na kutoa vina hadhi sawa, na huenda kutoka kushoto kwenda kulia: 12 - 4 + 3 ni 11, si 5. Kipeo kinatangulia hata alama ya hasi, hivyo -2^2 ni -4. Mimi naweka mabano kila ninaposita.

Raha yenyewe iko kwenye orodha. Hisa za wanachama wanne naziandika hivi:

hisa = [5 3 4 2]

Kila hisa ni shilingi 2000, basi hisa * 2000 inatoa 10000, 6000, 8000 na 4000 kwa mkupuo. Faida ikiwa 7000, gawio ni mstari mmoja tu:

hisa / sum(hisa) * 7000

Majibu: 2500, 1500, 2000, 1000. Wanachama wakiongezeka, mstari haubadiliki.

Mikopo inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu kila mkopo una riba yake:

mikopo = [50000 80000 120000 40000]
riba = [0.05 0.10 0.05 0.10]

Ukiandika mikopo * riba, Octave inakataa, maana alama ya * peke yake ni kuzidisha kwa kanuni za matriksi (majedwali ya namba), na vipimo vya orodha hizi mbili havioani. Nukta ndiyo ufunguo: mikopo .* riba huzidisha kila mkopo kwa riba yake, nami napata 2500, 8000, 6000, 4000. Nikitaka jumla moja kwa moja, mikopo * riba' inatoa 20500, kwa kuwa ile alama ya ' inageuza safu mlalo kuwa safu wima.

Namba kubwa zenye desimali huonyeshwa kwa kifupi. 100000 * 1.05^3 inatokea kama 1.1576e+05, yaani 1.1576 mara 10 kwa kipeo cha 5, muonekano usiofaa kusomwa kwenye mkutano. Natumia printf("%.2f\n", ans), inatoka 115762.50.

Kuna jambo la ndani zaidi. Kompyuta huhifadhi desimali kwa mfumo wa namba mbili, yaani 0 na 1 tu, na 0.1 haikai humo kikamilifu; ndiyo maana 0.1 + 0.2 == 0.3 inajibu 0, yaani si kweli. Kwa hiyo kila gawio nalipitisha kwenye round, amri ya kukadiria hadi namba nzima iliyo karibu, kabla ya kulitangaza, kisha najumlisha upya na kulinganisha na faida. Ikibaki shilingi, inaingia mfuko wa jamii. Ikipungua, mfuko huohuo unafidia.