Nilivyoisafisha Snider iliyoganda kwa kutu

Karatasi iliyokuja na bunduki hii ilisema ni gobore. Ukiitazama upande wa kulia huwezi kumlaumu aliyeandika: nyundo kubwa iliyopinda kama za bunduki zote za fataki, yaani zinazowashwa kwa nyundo kugonga kikofia kidogo cha kulipukia, na kwenye bamba la mtambo taji, neno TOWER na mwaka 1861. Ila nyuma ya mtutu palikuwa na pande la chuma lenye bawaba, na gobore halina bawaba. Niliyokabidhiwa niiandae kwa maonyesho ilikuwa Snider-Enfield, bunduki ya kushindilia kwa mdeki iliyokuja kugeuzwa ipokee risasi kwa nyuma.

Kabla ya kugusa kutu, nilitaka kujua kama ina kitu ndani. Silaha nyingi za zamani huwekwa zikiwa zimeshindiliwa, mwenyewe akafa, baruti ikabaki. Kwa kuwa lile pande la nyuma lilikataa kufunguka, niliingiza ufito wa mti mdomoni mwa mtutu hadi ukagota, nikautia alama ya penseli, kisha nikaulaza juu ya mtutu kwa nje. Ncha ilipaswa kufika kwenye uso wa pande. Ikaishia vidole viwili kabla. Basi hiyo ni bunduki yenye risasi, mpaka ithibitike vinginevyo. Nikaiacha ilipo, mdomo ukielekea pasipo watu, nikamwita fundi wa silaha mwenye leseni. Akavuta tambara lililogandamana na grisi kuukuu. Nafuu.

Kutu yenyewe ilitaka subira kuliko nguvu. Mafuta ya kulegeza kwenye bawaba, unaacha, unarudia. Bisibisi nilizichonga upya kwa tupa, moja baada ya nyingine, zijae kwenye mfereji wa kila parafujo. Bisibisi inayocheza hula kichwa cha parafujo, na ukishakila huna tena cha kushika. Juu ya chuma nilitumia sufi laini kabisa ya chuma pamoja na mafuta, nikisimama kila herufi zilipoanza kuonekana. Brashi ya mashine siitaki karibu: hung'arisha vizuri na kufuta historia yote.

Bawaba ilipolegea, nikaliinua pande kwa kidole gumba likalala upande wa kulia, na hapo kazi ya mafundi wa Uingereza ikawa wazi. Mwaka 1864 vita vya Prussia na Denmark vilionyesha faida ya kujaza bunduki kwa nyuma, na Waingereza walikuwa na Enfield za 1853, bunduki za kushindilia kwa mdomo, zisizohesabika. Badala ya kuzitupa walichukua wazo la Jacob Snider, Mmarekani, wakalikubali mwaka 1866. Mtutu wa inchi 39 ulikatwa takriban inchi mbili na nusu nyuma, pakafungwa kiota cha chuma chenye pande hilo. Ndani ya pande hupita pini kwa mshazari, kutoka pale inapopiga nyundo ileile ya zamani hadi katikati ya kitako cha risasi. Mtambo, mbao na nyundo vilibaki. Ndiyo maana mwaka ulio kwenye bamba la mtambo ni mkubwa kiumri kuliko bunduki uliyoishika. Ya kwangu ilikuwa na alama II kwenye kiota, yaani Mark II, toleo la pili. Ni Mark III iliyokuja baadaye ndiyo yenye kitasa cha kulizuia pande lisifunguke lenyewe.

Kutoa ganda kuna uchekeshaji wake. Unafungua pande, unalivuta nyuma, ganda linachomoka kidogo tu, halafu unaipindua bunduki lianguke. Hata hivyo askari aliyezoea risasi tatu kwa dakika sasa alifikia kumi. Mwaka 1868 jeshi la Robert Napier lilikwenda nazo Uhabeshi kupigana na Mfalme Tewodros, na ngome yake ya Magdala ikatekwa.

Tangu imekaa kabatini, swali ninaloulizwa ni moja: je, na gobore langu linaweza kugeuzwa hivyo? Jibu langu ni hapana, na si kwa sababu ya sheria peke yake. Mitutu ile ni ya chuma cha kufua, ilikusudiwa baruti nyeusi, na risasi ya Snider, aliyoibuni Kanali Boxer wa jeshi la Uingereza, ilikuwa na ganda la shaba nyembamba iliyoviringishwa na baruti ya gramu nne na nusu hivi. Mgeuzo wa 1866 ulifanyika kwenye karakana zenye vipimo na majaribio ya kila mtutu. Anayekata gobore zima leo anaharibu kitu ambacho hakitengenezwi tena, na anaweka jicho lake sentimita chache kutoka chuma cha miaka mia moja na sitini.

Mbao nilizipaka mafuta ya kitani kidogo, chuma nta. Karatasi ya utambulisho nimeiandika upya: Snider-Enfield, Mark II, mtambo wa 1861, pini imeondolewa na kuhifadhiwa kando.