Nikajua unauza

Wiki hii Hafidh kaposa Pangani na kakubaliwa, meli mbili zimefunga gati kwa mpigo na sisi makarani tumekesha, umeme wa mtaa mzima umezimika na kurudi. Mimi lakini nimekaa na maneno ya mzee mmoja wa baiskeli ambaye hata jina sikumuuliza.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, nimeinamia injini ya gari langu, Peugeot 404 ya marehemu mjomba, chini ya mwembe, Swaumu kanishikia tochi. Mzee akaja taratibu, kapu la samaki nyuma, nadhani alikuwa anatoka soko la samaki la Deep Sea. Akashuka, akaiegemeza baiskeli ukutani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kazi?"

"Kazi ipo, tunashukuru."

Akalizunguka gari lote. Akagonga mlango wa nyuma kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Akachungulia gia za kwenye usukani, akatikisa kichwa kwa furaha, kisha akasimama mbele yangu.

"Bei gani?"

"Siuzi, mzee."

"Aa." Akaiweka kofia sawa. "Nilikuona unalitengeneza, nikajua unauza."

Akatuombea dua, akapanda baiskeli yake, akaenda zake. Mama Swaumu alikuwa dirishani anapepeta mchele. Alicheka mpaka ungo ukamponyoka.

Nimeyarudia maneno yale kazini, nimeyarudia bafuni, nimeyarudia natia udhu. Kwanza nilidhani ni dharau. Baadaye nikaona hapana, hata ile "aa" yake ilikuwa ya mtu aliyepiga hodi nyumba siyo. Kinachoniudhi ni kwamba ana haki. Jirani wa pili alipaka nyumba rangi, tukampongeza, na mwezi haujaandama tukaletewa mwenye nyumba mpya. Shemeji Rajabu aliishi na Corolla yenye taa iliyoshikwa na solotepu miaka na miaka. Siku aliyotia taa mpya, jioni dalali yuko barazani anakunywa kahawa. Huku kwetu kitu chako unakivumilia, anayekifurahia kikiwa kizima ni mnunuzi.

Majibu ninayo sasa, tele, mzee keshauza samaki wake kitambo. Ningemwambia nalitengeneza nilipande, lakini bandarini naenda kwa baiskeli kama nusu ya watu wa mji huu. Ningemwambia ni kumbukumbu ya marehemu mjomba, na nyinyi mliokuwapo tangu arobaini yake mngenicheka, maana mnajua mjomba mwenyewe alikuwa keshapatana na watu wa vyuma chakavu. Sasa sema wewe ningejibu nini.

Tena mzee alinikuta kwenye kazi mbaya kuliko zote za kujitetea: feni.

Kwa waja leo nieleze kidogo, wengine mrukie mbele. Feni ya 404 haikutengenezwa izunguke muda wote. Injini ikiwa ya baridi, puli inazunguka peke yake na feni inajiendea kwa uvivu. Maji yakipata moto, swichi ya joto inaruhusu umeme, umeme unapita kwenye kipande cha kaboni kinachosugua puli, na ndani ya puli kuna koili inayogeuka sumaku. Sumaku inaivuta feni, inaing'ang'ania, wanazunguka pamoja. Maji yakipoa, inaiachia. Injini inapata joto lake upesi na haipotezi nguvu kuzungusha feni bila sababu. Hayo Wafaransa waliyafikiria zamani hizo, wakati magari mengi yalikuwa na feni iliyofungwa moja kwa moja.

Mjomba hakuwa na muda na sumaku. Kwenye feni kuna bolti tatu za kurekebisha nafasi kati yake na puli. Ukizikaza mpaka mwisho, feni inashikana na puli daima. Akazikaza. Waya akaukata, akauviringa solotepu, akausahau. Feni ikazunguka mchana na usiku, gari halikuchemka, na kwa joto la Tanga nani angemlaumu? Kwa hiyo mimi, Jumapili ile, nilikuwa natengeneza kitu ambacho hakikuwa kibovu, kwenye gari ambalo siliuzi. Laiti mzee angeuliza na hilo!

Kaboni ya asili ilikuwa imeisha, imebaki kisiki. Spea ya 404 hata Mombasa siku hizi ni ya kuagizia kwa dua. Nikanunua kaboni za grenda, zile za kawaida, nikakaa barazani na msasa nikizipunguza ubavu mmoja mmoja mpaka moja ikaingia kwenye nyumba yake bila kubana wala kucheza. Vidole vyote vyeusi, na kanzu ya Ijumaa pia imepata alama ambayo Mama Swaumu hajaiona bado. Nikabadilisha waya. Nikalegeza zile bolti tatu, na Swaumu akawa ananichagulia ubapa wa fila wa kupimia nafasi. Nikimtajia namba, anausogeza ubapa mpaka unagusa pua ndipo ananipa. Nikamwambia, "Unasoma au unanusa?" Akacheka, nami nikacheka.

Halafu jaribio. Waya kutoka betri, ncha yake kwenye kaboni. *Tak!* Feni ikaruka kidogo ikashikwa. Swaumu akarudi nyuma hatua mbili.

"Baba, rudia."

Nikarudia. *Tak.* "Tena." Nikamwambia betri si mali ya serikali, akasema moja ya mwisho, ikawa si ya mwisho.

Jumanne Shemeji Rajabu akaja kuleta habari za posa. Mnamjua, kwake gari ni Toyota, mengine ni mapambo. Akaanza kwamba Peugeot ni gari la kustaafia. Nikamkumbusha kuwa 404 ilishinda mbio za Safari mara nne, 1963, 1966, 1967 na 1968, na kwamba ile 1966 na 1967 usukani ulikuwa wa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam hapahapa, pembeni kakaa Chris Rothwell, kwenye matope na mawe ya Afrika Mashariki nzima. Rajabu akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Akauliza:

"Na wao walikuwa wanauza?"

Mama Swaumu keshamhadithia. Keshawahadithia wote. Hata bi harusi mtarajiwa wa Pangani nasikia keshaupata mkasa, na mimi hajaniona bado.

Ijumaa baada ya magharibi nikawapakia Mama Swaumu na mtoto, tukashuka Raskazone. Barabarani upepo unatosha, feni haina kazi, kwa hiyo nikaegesha kando ya bahari nikaliacha linaunguruma. Mama Swaumu akanunua mihogo ya kukaanga na pilipili yake. Nikawa naangalia mshale wa joto. Unapanda. Unapanda tena. Nikasogeza mkono karibu na ufunguo. Akilini najisemea ile swichi imekufa, kesho nitakuwa mtaani kama mjomba na spana mkononi. Mshale ukazidi kidogo. Ndipo tukasikia *tak* kwa mbali chini ya boneti, sauti ya injini ikazama, na upepo ukaanza kuvuma mbele yetu.

"Ndiyo hiyo?" akauliza Mama Swaumu, muhogo mkononi.

"Ndiyo hiyo."

Tukausikiliza. Mshale ukashuka, feni ikaachia, injini ikarudi kwenye sauti yake nyepesi. Nilingoja aniambie petroli inaungua bure. Akajilamba pilipili kidoleni, akasema, "Hebu tungoje tena."

Tukangoja tena. Kijana mmoja mwenye bodaboda akasimama kuuliza kama gari limeharibika. Kabla sijafungua mdomo, Mama Swaumu akamjibu kutoka kiti cha pembeni, "Halikuharibika, na hatuuzi." Yule kijana hakuelewa kitu. Sisi tulicheka mpaka Swaumu akaziba masikio. Tangu siku ile maneno ya mzee yakinijia nayasikia kwa sauti ya mke wangu, na hayachomi. Nikimwona tena na kapu lake nitamfungulia boneti mwenyewe, nimgongeshe ile *tak*, kisha aseme analotaka.

Bado masta silinda ya breki inavuja kidogo, na raba ya mlango wa nyuma inasubiri mshahara. Hayo ya wiki ijayo.

Lakini kuna jambo. Jana mwalimu wa Swaumu kaniandikia ujumbe kwamba mtoto ananakili hesabu vibaya, nane anaandika tatu, sita anaandika sifuri, akiambiwa asome mwenyewe ubaoni anasubiri mwenzake aseme kwanza. Nikamwita, akasema anaona vizuri, ila mwalimu huyu anaandika kwa chaki nyembamba. Nikakumbuka fila puani. Usiku tumekaa barazani, taa ya barabarani inawaka, nikamwambia hebu nisomee namba ya bajaji ile iliyoegeshwa ng'ambo.

Akatazama kwa muda mrefu. Akauliza, "Bajaji ipi?"

Jumatatu naomba ruhusa kazini, tunakwenda hospitali ya Bombo.