Siku moja maishani mwangu: Januari ya fundi cherehani wa Tandika

Mimi ni fundi cherehani, nina frem ndogo Tandika, Dar es Salaam. Mume wangu anaendesha bajaji ya mtu kwa hesabu: kila jioni anampelekea tajiri wake 20,000, na kinachobaki baada ya mafuta ndicho chetu. Tuna watoto watatu, tumepanga chumba na sebule. Kila Januari nasoma bajeti za mwaka mpya ambazo watu wanaziweka mtandaoni, na karibu zote zinaanza kwa kusema chukua mshahara wako, ugawe mafungu. Kwetu hakuna mshahara. Hela inaingia kwa siku, na kuna siku haiingii kabisa. Kwa hiyo nimeona niandike siku yangu moja ilivyokwenda, Jumatatu hii shule zilipofunguliwa. Itamfaa mwenye maisha kama yetu.

Saa 11 alfajiri

Jiko la mkaa nawasha mara moja kwa asubuhi nzima, na vyote vinafuatana juu ya moto huohuo: maji ya chai, kisha mihogo, kisha maharage niliyoloweka tangu usiku. Mkaa tunanunua gunia kwa kuchangia na majirani wawili na kugawana kwa ndoo, maana mkaa wa kopo ukiujumlisha mwezi mzima ni ghali mno. Mtungi wa gesi wa kilo 6 upo pia, lakini kazi yake ni kukaanga na kupasha. Nikichemshia maharage, haumalizi mwezi.

Chai inaingia kwenye chupa mbili, moja ya nyumbani na moja ya mume wangu. Hiyo ya pili ndiyo mabadiliko makubwa kuliko yote tuliyofanya mwaka huu. Chai na chapati mbili kijiweni ni 1,500. Kwa siku 26 za kazi ni 39,000, karibu nusu ya kodi yetu ya mwezi. Mwanaume anayetoka alfajiri kwenda kutafuta abiria ana haki ya chai ya moto, hilo sibishani nalo. Ndiyo maana inatoka hapa, na mihogo yake kwenye kontena.

Saa 12 asubuhi

Binti yangu mkubwa anaanza kidato cha kwanza. Amevaa sketi niliyomshonea mwenyewe, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sare ndiyo kazi yangu na nimeona wazazi wengi wakiumia kwa kitu kinachozuilika.

Pindo la sketi yake nimeliacha vidole vinne vizima. Ubavuni, ndani ya mshono, nimeacha kitambaa cha ziada. Mwakani nitafumua pindo vidole viwili, mwaka unaofuata kingine kimoja, na kinachobaki kinakuwa pindo jembamba. Alama ya mkunjo wa zamani huwa inabaki, lakini ukiweka juu yake kitambaa kilicholowa maji yenye siki kidogo ukapiga pasi, inafifia. Sasa chukua sketi nyingi za kununua tayari, geuza ndani uangalie: pindo ni kidole kimoja na kitambaa kimekatwa karibu kabisa na uzi. Mtoto akirefuka hakuna cha kufumua, unanunua nyingine. Mzazi akilipa elfu mbili au tatu zaidi kwa fundi anayeacha pindo, ameokoa sketi nzima.

Jambo la pili: usinunue idadi sawa. Shati jeupe linafuliwa kila siku, sketi au suruali inaweza kwenda siku mbili tatu. Kwa hela uliyo nayo chukua mashati mawili na sketi moja, badala ya kuhangaika na seti mbili kamili mwezi huu. Sketi ya pili ije Machi.

Ada ya shule za serikali haipo tangu Januari 2016, kuanzia msingi hadi kidato cha nne, na nyumba kama yangu ilipumua kweli. Ila mtoto wa sekondari ya kutwa ana nauli. Mwanafunzi kwenye daladala ni 200, kwenda na kurudi 400, na kalenda ya shule ina siku 194 za masomo. Piga mwenyewe: 77,600 kwa mwaka. Hakuna anayeidai hela hii kwa mkupuo, ndiyo maana watu hawaiandiki. Mimi nimeiandika.

Saa 2 asubuhi

Nafungua frem. Wiki hizi mbili ndiyo msimu wangu, mwezi unaowakamua wenzangu ndio unaonilisha mimi. Sijisikii vizuri kumkamua mtu aliyekwisha kamuliwa, kwa hiyo msimu huu nimeweka utaratibu: mwenye shida analipia shati moja kwanza, mtoto anaenda shule, mengine tunashona kadiri anavyopata. Naandika kwenye daftari, naye anaweka sahihi.

Mteja wa kwanza ni mama mmoja na suruali ya mtoto wake wa kidato cha nne aliyemaliza.

"Fundi, hii inaweza kumkaa mdogo wake?"

Naipeleka mlangoni kwenye mwanga. Magotini imepauka, makalioni imeanza kulegea uzi, lakini mapajani na chini ya magoti kitambaa ni kizima. Namwambia hii suruali ndefu haitoki, ila kaptula ya darasa la tatu inatoka, na kipande kitakachobaki kitatosha mifuko. Amefurahi kuliko angepewa mpya. Kazi yote ni 4,000.

Kabla ya saa tano nimepokea wateja wengine, mmoja akiwa baba mwenye watoto watatu wa shule tofauti, rangi tatu tofauti. Kitambaa ninacho. Novemba mafundi watatu tulichanga tukaenda Kariakoo, tukanunua majora kwa bei ya jumla, tukagawana. Hela yangu ilitoka kikobani, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, maana sisi tunavunja kikundi na kugawana akiba mwezi huo, kabla ya sikukuu. Ukivunja Desemba katikati, gawio linaishia kwenye kuku na nguo za Krismasi. Tulibishana sana kikundini kuhusu hilo. Waliotaka Desemba walikuwa na hoja yao, kwamba mtu amejibana mwaka mzima na anastahili kufurahi na wanawe. Mwisho tukakubaliana Novemba, na kila mwanachama akabaki na hisa kidogo za kufungulia Januari.

Saa 7 mchana

Nakula ugali wa dona na dagaa nilioleta kwenye hotpoti. Dada wa saluni ya jirani anakuja na kiti chake, mazungumzo yanaangukia umeme, kama kawaida.

Hili nataka wapangaji wenzangu walielewe vizuri. Nyumba yenye matumizi madogo inakuwa kundi la bei la D1: hadi uniti 75 kwa mwezi, kila uniti shilingi 100, na ukiweka kodi na tozo inafika 122. Kwa hiyo 9,150 inakupa uniti 75. Nyumba inayopita hapo mara kwa mara inahamishiwa kundi la T1, ambako uniti ni 292, na kodi zake inafika 356. Ndiyo ile ya kununua wa elfu kumi ukapata uniti 28. Sasa sisi tuko wapangaji wanne kwenye mita moja. Hakuna hata mmoja wetu ambaye peke yake angemaliza uniti 75: taa, simu, televisheni, feni usiku. Lakini tukijumlishwa tunavuka, na wote wanne tunalipa bei ya juu. Anayeishi chumba kimoja analipa umeme ghali kuliko mwenye nyumba ndogo yake mwenyewe.

Ukitafuta chumba mwaka huu, ulizia mita kabla hujaulizia rangi ya ukuta. Chumba cha 85,000 chenye mita yake kinaweza kukugharimu kidogo kuliko cha 80,000 cha kuchangia. Na ile 1,500 inayokatwa kila mwezi tunaponunua umeme wa LUKU ni kodi ya jengo, ni ya mwenye nyumba. Mama mwenye nyumba wetu tulimfuata kwa heshima, tukamwonyesha ujumbe wa kwenye simu, akakubali kutupunguzia kwenye kodi ya chumba.

Saa 10 jioni

Nafunga mapema kidogo niwahi sokoni. Nyanya, bamia na mchicha bei inalegea jioni, muuzaji hataki kulala navyo. Fungu la nyanya la asubuhi jioni linaongezwa mbili tatu juu, mradi uwe unapika leoleo.

Vitu vikavu havisubiri jioni, hivyo ni vya mkupuo. Mafuta ya kula nilipima wiki iliyopita: vipimo vya 500 kujaza chupa ya lita moja vilikuwa kumi na tatu, sawa na 6,500. Duka hilohilo lita nzima ni 5,200. Tofauti ni 1,300 kwa kila lita. Simlaumu Mangi mwenye duka, naye anamwagia, anapimia, anakaa hadi saa nne usiku kwa ajili ya mtu mwenye mia tano. Lakini nimeona wazi kwamba asiye na hela ndiye anayenunua ghali. Kwa hiyo lengo letu la Januari ni dogo na linashikika: mafuta, sukari na sabuni visipimwe tena. Mchele na unga vitafuata Februari, kimoja kimoja, maana ukitaka vyote kwa wakati mmoja utakopa, na ukikopa umerudi palepale.

Kabla sijafika kwenye nyanya lakini, kuna kitu kinatangulia. Nasimama kwa wakala na kuweka 3,500 kwenye laini ambayo haina matumizi mengine. Hii tunaiita hesabu ya nyumba. Wazo ni la mume wangu. Alisema kama tajiri wa bajaji anapata hesabu yake kila siku, mvua au jua, na sisi hatujawahi kukosa kumpelekea, kwa nini nyumba isipewe yake? Kodi yetu ni 80,000 na inalipwa miezi sita kwa mpigo, 480,000. Hela hiyo ukiisubiri ije yote pamoja, haiji. Lakini 3,500 kwa siku 26 ni 91,000 kwa mwezi, maana yake tunalipa kodi na bado tuna nafasi ya siku tatu za kuumwa au za mvua kubwa. Nauli ya binti nayo imeingizwa kwenye mpango huo, 400 kila jioni. Chakula kinanunuliwa kwa kinachobaki. Kikibaki kidogo tunakula kidogo, na watoto wanajua sababu.

Saa 12 jioni

Maharage ya asubuhi yanamaliziwa na tui la nazi, nusu ya leo, nusu yanachemshwa tena kesho mchana watoto wakirudi. Mdogo analalamika maharage tena. Namwekea kipande cha embe, msimu wake ndio huu, ni rahisi.

Saa 2 usiku

Mume wangu amerudi, tajiri ameshapelekewa chake. Daftari linafunguliwa mezani na binti ndiye anayeandika, kwa kuwa hesabu zake ni safi na ninataka ajue nyumba inavyokwenda kabla hajawa na ya kwake. Kuingia: ya bajaji, ya frem. Kutoka: kila kitu, hata vocha ya 500.

Kisha inatolewa kadi ya mchango wa harusi. Ni ya mtoto wa rafiki wa mume wangu, wa kijiwe chao cha bajaji. Single, ya mtu mmoja, elfu hamsini, double, ya watu wawili, laki moja, kamati inataka jibu mwezi huu.

Bajeti nyingi za mitandaoni hazina mstari wa watu, na hapo ndipo zinapovunjika. Hatuishi peke yetu. Mama wa mume wangu alipofariki, kijiwe chote kilikuwa Mkuranga siku tatu, kuna aliyelaza bajaji yake kabisa. Kwa hiyo tulipopanga mwaka tuliweka 15,000 kila mwezi ya watu, na tukakubaliana: msiba hatuukosi, hata tukikopa kikobani. Mgonjwa vivyo hivyo. Harusi tunatoa tunachoweza, bila kukopa, na tunasema mapema ili kamati isituhesabu kwa ambacho hakipo. Kusema ndiyo ukanyamaza hadi siku ya mwisho ni kumvunjia mtu sherehe yake.

Mume wangu anampigia rafiki yake palepale, simu iko wazi mezani.

"Kaka, hongera sana. Laki hatutaiweza, sitaki kukudanganya. Mimi na mama tutakuletea thelathini, nusu mwezi huu na nusu mwezi ujao. Na nguo ya shemeji ya siku ile, ufundi wake ni wetu, asitoe hata senti."

Upande wa pili kimya kidogo, kisha sauti ya mkewe inaingia, anauliza kama kitambaa cha lesi naweza kukikata, maana fundi aliyepata Mbagala anamtaka 60,000. Namwambia aje nacho Alhamisi baada ya saa nane, wateja wa sare watakuwa wamepungua, na avae viatu atakavyovaa siku ya harusi ili nipime urefu.