Tarumbeta moja, midomo mingi

Wapiga tarumbeta wenzangu wa Dodoma, hasa vikundi vya makanisani mnaopokezana ala: nawaomba sana, kila mpigaji awe na kipande chake cha mdomoni. Hapo ndipo mate hubaki, na vijidudu huhama na mate hayo.

Kama hakuna cha ziada, kioshe kabla ya kumpa mwenzako. Maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, brashi ndogo ipite ndani ya tundu mpaka ule utelezi wa kijivu uishe. Suuza, kausha, kisha paka ukingo spiriti ya asilimia 70 uache ukauke wenyewe. Ukiifuta papo hapo haijafanya kazi. Jiki msitumie, inakula madini.

Mate yaliyo ndani yatoeni kwenye kitambaa, si sakafuni. Vumbi letu la kiangazi likichanganyika nayo, vali (vile vibonyezo vya kubadili sauti) hukwama. Zifuteni, mtie matone mawili matatu ya mafuta ya vali.

Zeze na ilimba (ala ya vyuma vya kudonoa kwa vidole) za Kigogo msizioshe kwa maji: ngozi hulegea, vyuma hushika kutu. Huko naweni mikono kwa sabuni kabla ya kuzishika.